Kinanda cha Baba: Tukitengeneze au Tununue Kingine?



Nyumbani kwetu kuna kinanda cha kukanyaga ambacho Baba alikinunua mwaka 1984 kwa mapadre wamisionari waliokuwa wanahama. Alikilipia kwa magunia ya mahindi, kwa misimu miwili. Kigangoni alikuwa mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda pia, hivyo nyimbo zote za Dominika zilipitia kwanza sebuleni kwetu. Sisi watoto wake wanne tulijua zaburi ya Jumapili tangu Jumatano.

Mwaka jana mwezi wa Julai Baba alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikawa vizito, na kinanda kikafunikwa khanga ya Mama kwa miezi minane. Tulipokifunua, mvua za vuli zilikuwa zimevuja juu yake na panya walikuwa wamefanya makao ndani. Tukakanyaga. Kikatoa pumzi ndefu tu kama mzee anayepanda mlima, sauti hakuna.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na hoja ambayo hatukuweza kuipuuza. Kariakoo tuliambiwa kinanda cha umeme chenye vitufe 61, kilichotumika, kinapatikana kwa shilingi 650,000. Hakihitaji miguu, kwa hiyo Baba angeweza kukipiga kwa mkono mmoja wa kulia. Na mjukuu wake, mwenye miaka kumi na moja, angejizoeza kwenye kitu kinachofanana na kile cha parokiani. Tatizo ni kwamba 650,000 ndiyo iliyokuwa karo ya muhula ya huyo huyo mjukuu pamoja na dawa za Baba za miezi miwili.

Mdogo wetu, ambaye ni frateri, alitukumbusha kwa simu kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, unakipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, kisha unaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Tukacheka. Cha Baba hakina bomba hata moja, na cha Kariakoo vilevile. Mtaguso ulituachia wenyewe tuamue.

Tulimwita fundi seremala wa jirani. Hakuwahi kuona chombo hicho, naye alikiri hivyo kabla ya kushika bisibisi, jambo lililotufanya tumwamini. Alipofungua ubao wa nyuma ndipo tulipoelewa kitu tulichoishi nacho miaka yote. Ukikanyaga, mivukuto hunyonya hewa kutoka ndani. Ukibonyeza kitufe, kilango kidogo hufunguka na hewa ya nje huingia kwa kupitia ulimi mwembamba wa shaba, ambao hutetemeka na kutoa sauti. Basi kila vumbi la sebuleni huvutwa humo humo. Ndimi nyingi zilizokuwa bubu hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimekabwa na vumbi na manyoya ya panya. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye mivukuto: kitambaa kilikuwa kimechanika kwenye mikunjo.

Fundi alitaka 140,000 pamoja na kitambaa na gundi. Hakuahidi kitu.

Tulibishana siku nne. Sisi wawili tunaoishi na wazazi tuliona ni ajabu kutengeneza chombo ambacho mwenyewe hawezi kukikanyaga. Kaka alisema tunatengeneza kumbukumbu. Labda. Lakini tuliwahi kuwasikia vijana wanaopiga nyimbo zote kwa ufunguo mmoja, kisha kitufe kinawapandishia au kuwashushia sauti, na tunamkumbuka yule ambaye mdundo wa ngoma ulimponyoka wakati wa ukimya baada ya Komunyo. Kinanda cha kukanyaga hakikufichi hivyo. Ukiinua kidole, sauti imekatika.

Hatimaye tukamuuliza Baba, tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Maneno yake hutoka polepole siku hizi.

“Wanangu, hiki cha umeme, umeme ukikatika?”

“Baba, tutasubiri urudi.”

“Na kigango?”

Kigango chetu hakina umeme mpaka leo. Hapo kikao kikaisha.

Ilikuwa Kwaresima, wakati ambao Misale inaruhusu kinanda kwa kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Baba alikuwa akiishika kanuni hiyo hata sebuleni, kwa hiyo ukimya haukutuudhi. Fundi alibandika kitambaa. Sisi tulichomoa ndimi moja moja na kuzisafisha kwa brashi laini, bila kukwangua, maana ukikwangua shaba sauti hubadilika. Ulimi mmoja ulikuwa umepasuka, nao hatujapata wa kuufidia.

Jumamosi kabla ya Matawi tulimketisha Baba mbele ya kinanda chake. Mjukuu alipiga magoti chini, akashika kikanyagio kimoja kwa kila mkono, akaanza kusukuma. Mwanzoni alienda mbio mno na Baba akamwambia, “Taratibu, mama.” Kisha mkono wa kulia ukatafuta wimbo wa mwanzo. Kila alipofika kwenye kile kitufe bubu, Baba aliimba noti hiyo mwenyewe.