Jirani wa Ukuta Mmoja

Nyumba ni sitara ya mtu. Akiisha kuingia ndani huvua nguo za njiani na hadhari pamoja, akaamini kwamba hatari, kama ipo, imebaki nje. Adui wa nje hufungiwa mlango. Wa ndani hana kufuli lake. Wahenga walisema kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na neno hilo ndilo moyo wa sinema iitwayo Rosemary's Baby, iliyotolewa Marekani mwaka 1968. Roman Polanski aliitengeneza kutokana na riwaya ya Ira Levin iliyochapishwa mwaka 1967.

Rosemary Woodhouse na mumewe Guy, mwigizaji ambaye bado hajapata jina, wanapanga nyumba katika jengo la kale mjini New York. Walipokwenda kuitazama walikuta kabati zito limesukumwa mbele ya mlango wa chumba kidogo cha kuwekea shuka. Mpangaji aliyetangulia, bibi kizee, alikuwa amekwisha kufa. Kitendo chake kikadhaniwa kuwa kioja cha uzee, kabati likarudishwa mahali pake.

Upande wa pili wa ukuta wanakaa wazee wawili, Roman na Minnie Castevet. Kwa kweli hao ni vichwa vya kundi la wanga wamwabuduo Shetani, lakini sura zao hazitishi. Minnie ni mdadisi, mwingi wa maneno na mwepesi wa kutoa: mara hirizi ya kuvaa shingoni, mara bakuli la chakula kitamu, mara kinywaji cha kumtia nguvu mjamzito. Ruth Gordon, aliyemwigiza, alipata tuzo ya Oscar, na aliistahili; mtazamaji humcheka kwanza, akachelewa kumwogopa.

La kuzingatia ni kwamba wanga hawa hawavunji mlango hata mmoja. Kila mlango unafunguliwa na mtu mwenye haki ya kuufungua. Rosemary alipoonja chakula cha Minnie alisikia ladha ya chaki. Mumewe ndiye aliyemhimiza ale. Usiku ule alitendewa uovu akiwa kati ya ndoto na fahamu, na asubuhi alipoona mikwaruzo mwilini mwake, Guy alisema ni yeye aliyemwendea usingizini. Kabla ya hapo mwigizaji mwingine, aliyepewa nafasi ambayo Guy aliitamani, alikuwa amepofuka ghafula, na nafasi ikamwangukia Guy. Biashara ilikuwa imekwisha kufanywa, na bidhaa ilikuwa mke.

Baada ya mume akafuata tabibu. Rosemary alikonda na kuumwa kwa muda mrefu, lakini Daktari Sapirstein alimwambia asisome vitabu wala asisikilize marafiki. Mahali pamoja tu ndipo aliposikilizwa: jikoni, siku ya karamu, ambapo rafiki zake wanawake walimfungia Guy nje, wakamwambia kuwa maumivu ya namna ile ni onyo. Baadaye alimkimbilia daktari mwingine, kijana mpole, akamweleza yote. Kijana yule alimtuliza, akamlaza, kisha akawaita Sapirstein na Guy waje kumchukua. Hakuwa mwanga, alikuwa mtu mwema aliyeona kuwa neno la mume na la tabibu mkubwa ni zito kuliko neno la mwanamke anayetetemeka.

Yumkini msomi asiyeamini uchawi ataidharau hadithi hii. Na amwondoe Shetani, atazame kinachobaki. Atamwona mke aliyeuzwa na mwenzi wake, na mgonjwa ambaye kila aliposema kweli aliambiwa kuwa amechoka. Hayo hayahitaji uchawi.

Mwishoni Rosemary anapita katika kile chumba kidogo cha shuka, kilichokuwa njia baina ya nyumba mbili, akiwa na kisu mkononi. Anawakuta majirani wamekusanyika kuzunguka susu lililofunikwa kitambaa cheusi. Anapomwona mtoto, kisu kinamponyoka. Guy anajitetea: waliahidi kwamba hataumizwa, naye ahesabu kana kwamba alizaa akafiwa, kwani watapata mengi badala yake. Anamtemea mate usoni.

Kisha mtoto analia. Bibi mmoja analisukasuka susu kwa nguvu, na Rosemary anaona kuwa hivyo sivyo mtoto abembelezwavyo. Roman Castevet anamwomba alisukume yeye. Hamlazimishi, anajua kuwa mama hawezi kukisikia kilio akakaa kimya. Kamera haimwonyeshi mtoto ndani ya susu. Humwonyesha mama, na uso wake unaolainika kidogo kidogo. Milango yote iliyotangulia ilifunguliwa na wengine kwa tamaa, kwa kiburi au kwa woga. Huu wa mwisho anaufungua mwenyewe kwa huruma, akilisukuma susu polepole.