Nozo Tatu na Washa Zake

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, walinena wahenga. Katika aila yetu mmoja wa walaji hao nilikuwa mimi, kwani karo yangu ya Chuo Kikuu cha Moi ilitoka katika mahindi ya baba, nayo mahindi yalitegemea trekta moja kuukuu aina ya Massey Ferguson 240. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, mvua ikiwa imekwisha kubisha hodi, trekta hiyo ilianza kutoa moshi mzito na kukohoa mithili ya mzee mvuta kiko.

Baba alimwita fundi kutoka Eldoret. Kilichonishangaza ni kwamba hakukimbilia kufungua chochote. Aliiacha injini ingurume polepole, kisha akalegeza nati ya paipu ya dizeli iendayo silinda ya kwanza. Mngurumo ukayumba, akaikaza. Ya pili ikawa vivyo hivyo. Alipoilegeza ya tatu, sauti haikubadilika hata chembe.

"Mgonjwa ni huyu," akasema. Silinda isiyofanya kazi haina cha kupoteza ikinyimwa mafuta.

Injini ilipopoa, aliosha kichwa chake kwa brashi na dizeli, maana punje ya mchanga ikiangukia ndani huikwaruza silinda. Akaondoa paipu, akaziba kila mdomo kwa kitambaa safi. Kila nozo ilishikiliwa na nati mbili, naye alizilegeza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, ili nozo isitoke upande. Ya tatu ilikuwa imegandamana na masizi. Nikanyanyua nyundo.

"Weka chini, kijana!"

Aliitia mafuta mepesi, akangoja, akaizungusha kushoto na kulia hadi ikaachia. Washa yake ya shaba ilibaki shimoni. Akaiopoa kwa waya uliokunjwa ncha. Ukiisahau humo na kutia mpya juu yake, nozo haitaketi inavyopasa, na moto wa silinda utavuja.

Hadi hapo kazi ilikwenda vyema. Aliyeiharibu ni mimi. Fundi aliniambia niandike vipuri vya kununuliwa: "Nozo tatu na washa zake." Nami, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili, nilikuwa nimetoka kusoma uundaji wa istilahi, na neno "nozo" lilinikera kama kokoto katika wali. Nikaandika kwa mwandiko wa fahari: "vinyunyizio vitatu". Mdogo wangu akaabiri matatu hadi mjini, ule mji ambao wazee wetu huuita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64 la enzi za walowezi. Alirejea magharibi na vichwa vitatu vya bomba la kunyunyizia dawa ya magugu.

Baba hakunigombeza. Alivitazama vile vichwa, akayatazama mawingu, kisha akaniuliza, "Hiki ndicho ninacholipia karo?"

Usiku ule mvua ilinyesha hadi alfajiri. Shamba likawa tope, na majirani waliokuwa wamekwisha kupanda wakawa wanaishukuru mvua ile ile iliyotufungia nyumbani siku tatu. Sijaacha kuamini kwamba lugha yetu yahitaji istilahi. Nilijiuliza tu, ni nani aliyeniambia kwamba "nozo" si mojawapo?

Safari ya pili mdogo wangu aliiandika karatasi yeye mwenyewe. Fundi alizirudisha nozo, akaacha nati za paipu zimelegea huku baba akiizungusha injini kwa stata, hadi dizeli ikatoka bila mapovu, ndipo akazikaza. Silinda zote tatu zikaitika.

Alipokuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, nilimwomba anitajie tena kila kipuri tangu mwanzo, taratibu, nami nikaandika kama alivyotamka.