Mkutubi si yaya

Simba wawili wa mawe wanaolinda mlango wa Maktaba ya McMillan, barabara ya Banda jijini Nairobi, hawamzuii mtoto kutoka nje. Ngazi zikiisha tu, ni wapita njia, wachuuzi na magari. Hata hivyo, likizo zikifika, wapo wazazi wanaomwacha mtoto maktabani asubuhi na kumrudia jioni baada ya shughuli zao mjini, kana kwamba aliyeketi mezani ameajiriwa kulea.

Mkutubi akiinuka kumtafutia mtu kitabu, huyo wa miaka sita anaangaliwa na nani? Na saa ya kufunga ikifika, mzazi angali amekwama katika msongamano wa magari, mtoto aachiwe nani?

Ni rahisi kusema kila mtoto aje na mtu mzima. Lakini fika Kaloleni, mtaani Eastlands, kwenye tawi la maktaba hiyo hiyo. Huko aghalabu watoto huja wenyewe kwa miguu, mkubwa amemshika mdogo mkono. Mama yuko sokoni, nyumba ni chumba kimoja, na meza ya kufanyia kazi ya shule ni ile ya maktaba. Ukiwadai mlezi, umewafukuza. McMillan yenyewe, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee hadi 1958. Milango iliyofungwa tunaijua.

Basi mzazi mwenye nafasi aketi na mwanawe. Asiye nayo aache jina lake, la jirani, na nambari ya simu kwa mkutubi. Mtoto naye aelezwe asiondoke na asiyemjua, hata akitajiwa jina la mamake.