Akiba haiozi, lakini noti huoza

Wengi wetu hudhani kuwa mambo ya uchumi ni ya wakubwa wa Benki Kuu na maprofesa wa vyuo. Sivyo. Uchumi huketi nasi mezani. Ukitaka kuujua, tazama vitu viwili tu: bei ya unga dukani na riba ya mkopo benki. Viwili hivi ni kama kurwa na doto.

Mimi somo hili nilifunzwa na mwaka wa 1993. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991, kisha pesa nyingi zikamwagwa nchini wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992. Pesa ziliongezeka, bidhaa zikabaki zile zile, na shilingi ikaporomoka. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46 hivi mwaka huo. Hebu piga hesabu. Sh1,000 zilizofichwa chini ya godoro zilibaki na uwezo wa kununua vitu ambavyo awali viligharimu Sh685. Mwizi hakuingia nyumbani, lakini Sh315 zilikuwa zimekwenda!

Mtaani kwetu Eastlands, akina mama wa chama walikuwa wakiweka pesa za karo katika sanduku la bati. Siku ya kugawana ilipofika, hesabu ilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, ila sare, vitabu na viatu vilikuwa vimezikimbia pesa hizo. Akiba haiozi, walinena wahenga. Lakini wahenga waliweka mtama ghalani, hawakuweka noti.

Ili kuzivuta pesa hizo zilizozagaa, serikali iliuza hati za Hazina kwa riba ambayo katikati ya 1993 ilipita asilimia 70. Sasa jiulize, ni benki gani ingemkopesha seremala kwa riba nafuu ilhali serikali inalipa kiasi hicho? Riba za mikopo zikapaa. Jirani yangu mmoja alikuwa amekopa kununua matatu. Malipo yake ya kila mwezi yalipanda ingawa hakuongeza hata shilingi moja ya deni. Mwishowe gari lilipigwa mnada, naye akawarudisha watoto mashambani.

Riba ya juu ni dawa, lakini ni dawa chungu. Watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hutulia. Kufikia 1995 bei zilikuwa zikipanda kwa chini ya asilimia 5. Hata hivyo, biashara zisizokopa haziajiri, na kijana aliyemaliza shule hukaa nyumbani. Tuliionja dawa hiyo tena 2011, Benki Kuu ilipopandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 5.75 mapema mwaka huo hadi 18 mnamo Desemba, baada ya mfumko wa bei kupita asilimia 19.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutia sahihi mkopo wowote, uliza kama riba yaweza kubadilishwa, na kama mshahara wako utastahimili ikipanda. Nawe mwanafunzi unayeanza kuweka akiba, linganisha riba unayolipwa na kasi ya kupanda kwa bei. Ikiwa bei zakimbia kuliko riba, akiba yako inapungua hata kama kitabu cha benki chaonyesha imeongezeka.