Nyumba Isiyo na Siri

Nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja ndogo iliyo kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, nami sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu.

Mimi ni mtu wa milimani, Mbinga, niliyepelekwa kufundisha ziwani. Jirani yangu alikuwa bibi mjane mwenye wajukuu watatu, na nyumba yake ilikuwa ya miti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Siku moja alinijia kwa shauri, akasema, "Mwalimu, nina mbuzi wanne. Niwauze nifanye nini?" Nami kwa haraka nikamjibu, "Wauze, Bibi, ununue bati." Akaniamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Masika yalipokuja, maji ya bati yakashuka kwa nguvu penye shina la ukuta, maana upenu ulikuwa mfupi na msingi wa mawe haukuwapo, na nguzo zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Usiku mmoja ukuta ukaanguka. Watoto walipona, lakini bati zilikunjamana, na mbuzi hawakuwapo tena. Bibi hakunilaumu hata neno moja, na jambo hilo lilinichoma kuliko lawama.

Basi nikatafuta njia nyingine. Tofali za kuchoma ni nzuri, lakini tanuri hula kuni nyingi mno. Nikasikia habari za tofali za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono, zikakomaa bila moto. Mashine ya namna hii ilibuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1956, na mafundi wa nchi nyingi wameiiga. Hapa kwetu Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hufundisha watu kufyatua tofali zinazofungamana.

Nikamwendea fundi mmoja mwenye mashine, nikamwuliza kipimo cha saruji. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hicho ndicho chakula changu." Sikumkasirikia sana, kwani naye ana watoto. Lakini njiani nikakumbuka ngoro za kwetu Umatengo. Ni nani aliyepata kuuza ngoro? Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari ya mraba, mwanamke huyafukia kwa udongo, shimo likabaki katikati kushika maji ya mvua. Na mke kijana huonyeshwa kazi hiyo na mama mkwe wake bila senti moja. Kwa ajili hiyo milima yetu iliyo mikali ingali na udongo.

Kipimo nilikipata baadaye, nami nakitoa hapa bure. Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani kiwe na urefu wa sentimeta 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowana, ukianike juani siku tatu. Kisha usukume udongo wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya milimeta 15, changanya saruji sehemu moja na udongo sehemu 18. Likifika 30, udongo uwe 16. Likifika 45, uwe 14. Likifika 60, uwe 12. Udongo wa juu wenye mizizi usiutumie. Tofali zikitoka, zifunike kivulini na kuzinyunyizia maji kwa muda wa juma zima. Wenye haraka huharibu kazi hapo.

Mchanga wa ufukoni haukutufaa peke yake, tukabeba udongo mwekundu kutoka vilimani. Saruji niliilipa mimi, kama ilivyonipasa. Na yule fundi, alipokiona kisanduku, alikaa kimya kitambo, kisha akatuazima mashine kwa siku sita.

Masika mawili yamepita. Pembe moja ya nyumba imeanza kulika, kwa kuwa tofali za mwisho tulizianika juani, nitaitengeneza kiangazi. Juzi nilikitafuta kisanduku changu, nikaambiwa kimekwenda kwa mtumbwi hata Mbamba Bay.