Masikio ya Tanga

Jumapili, 3 Februari 2019
Mizigo imefika jana usiku, godoro limelowa na birika halionekani. Wenzangu wa wizarani waliotangulia kuhamia walinitisha na vumbi la Dodoma. Mimi nimepokewa na tope. Mama mwenye nyumba, Mgogo wa hapahapa, kanikaribisha kwa "mbukwenyi" na beseni la zabibu kutoka shamba la kaka yake. Tamu, ila maganda magumu.

Kinachonisumbua ni kimya. Tanga hata saa sita za usiku hukosi redio ya mtu. Nimemweka Shakila kwenye simu, zile taarabu za Black Star, ndipo nikapata usingizi.

Jumamosi, 2 Machi
Nyumba ya tatu kuna harusi. Mama mwenye nyumba kanivuta mkono: "Twende mwanangu, utakaa ndani mpaka lini?"

Inapigwa muheme, ngoma ya Wagogo. Wanawake wamezibana ngoma mapajani, ngoma ndefu zilizobinywa katikati, wanapiga kwa viganja huku wamesimama, na mabega hayatulii. Ngoma kubwa inaongoza, nyingine zinashikilia mwendo. Juu yake sauti: mmoja anaanzisha, wengine wanaingia kila mtu kwa njia yake, mara sauti inarukia juu kabisa na kushuka tena. Mtu anayezijua ngoma za kina mama wa kwetu angesema hizi ni ndugu zake. Uimbaji ndio mgeni.

Nilishatoa noti nimtunze mwimbaji, kama ukumbini. Nimtunze nani? Hakuna mwimbaji. Bibi mmoja mfupi, meno mawili mbele, alikuwa na mlio mmoja tu, anautia palepale, raundi baada ya raundi, na alipokwenda kunywa maji wimbo ulipwaya mpaka aliporudi. Noti nimemtunza yeye. Kaipokea, kaifunga kwenye pindo la kanga, kanisogeza kwa nyonga nisimame pembeni yake.

Alhamisi, 18 Aprili
Ofisi zimehamia Mtumba. Majengo mapya, miti hakuna, upepo unaingia na mchanga hadi kwenye chai. Ugali wa uwele na mlenda nimeshauzoea, sima ya nyumbani naanza kuiona nyeupe kupita kiasi.

Jumapili, 19 Mei
Nimefunga, nimekaa barazani. Kanisa la Anglikana lipo nyuma ya ukuta na kwaya yao haina haya: muheme na zeze ndani ya ibada. Wazee wa pwani wangesema mengi.

Mwezi wa pili nilidhani zeze halijakazwa vizuri. Nimelelewa na fidla na kinanda cha taarabu, sauti zangu zina vyumba vyake. Za hapa zinasimama mlangoni, kati ya chumba na chumba. Kumbe zipo sawasawa. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alieleza kuwa ngazi ya Wagogo inatokana na sauti zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe: piga uzi mmoja, juu ya sauti yake kuu zinajipanga nyingine nyembamba, na hizo ndizo wanazoimba. Kinanda ndicho kilichozisogeza kidogo. Tangu nisome hivyo nasikiliza kwa subira zaidi, na leo kuna mahali kwaya ilipokutana nywele zikanisimama.

Na hii nayo ni kichekesho: Hukwe Zawose, bingwa wao wa zeze na marimba, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaishia kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alifariki mwaka 2003. Wazungu wa lebo ya Real World walimrekodi. Mgogo yule aliishi pwani miaka yote hiyo, nami wa pwani nimemsikia baada ya serikali kunipandisha basi.

Jumapili, 21 Julai
Baridi kali. Kikundi cha mama mwenye nyumba kinajiandaa na tamasha la muziki la Chamwino, uani hakukaliki.

Jana nilikwenda kwa fundi wa marimba. Vyuma vyake amevifua kutokana na misumari. Anakidonoa kimoja, anatega sikio, anakigonga kwa nyundo kiingie ndani kidogo, anadonoa tena. Sikumwona akishika kipimo chochote. Kwenye matundu ya sanduku anabandika utando wa buibui, ule mweupe mzito unaofunika mayai, na marimba yakaanza kuvuma kwa mkwaruzo niliodhani ni ubovu wa spika zangu. Nilimwuliza kama anaweza kuniundia yasiyovuma. Alinitazama kwa huruma: "Dada, hayo utayapeleka wapi?"

Mama kapiga simu kutoka Tanga akasikia mazoezi ya uani. "Nani anapiga kelele?" Nikamwambia ni majirani, na mmoja wao ni mimi: nimepewa mlio mmoja, wa yule bibi, ambaye magoti yanamsumbua. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza kama nakula vizuri.

Fundi anataka elfu themanini. Jumamosi narudi kumshusha.