Corolla ya Baba

Ukitaka kujua gari jeusi limekuwa likioshwa vipi, usiliangalie mchana. Subiri giza, washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti. Utaona mistari myembamba imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Kila mstari ni punje ya mchanga iliyoburutwa na mtu aliyedhani anasafisha.

Ile ya kwenye Corolla ya baba niliichora mimi.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kwetu liliishia uani, likalizunguka gari mpaka usawa wa milango. Nilipofika kutoka Arusha nilishika koleo kama wengine. Siku ya pili jioni, sijui kwa nini, nikachukua kipande cha kiroba na ndoo moja ya maji nikaanza kuosha gari la marehemu. Hanang ni mlima wa volkano, na tope lake lina chembe ngumu ndani. Nililisugua gari kwa msasa, basi. Mama alinitazama akiwa mlangoni, hakusema kitu.

Sasa gari linauzwa. Mdogo wangu amepata nafasi chuoni na mama ameshasema kwamba gari lisilo na dereva ni banda la kuku. Mnunuzi angekuja Jumamosi kutoka Singida. Nilikuwa na siku tatu.

Jirani yetu mmoja, fundi rangi, aliniambia nisijitese. "Piga waksi tu, mwalimu. Inajaza mistari, gari linang'aa, mtu analipa anaondoka." Ni kweli. Waksi hujaza mistari, haiiondoi. Ukiosha mara chache inarudi yote. Nilijua hiyo inaitwaje kwa Kiswahili cha kawaida, nikaamua kuiondoa mistari yenyewe.

Kwa mkono ni kazi ya kichungaji, yaani haina haraka. Kwanza unaosha kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Unaliweka gari kivulini, maana dawa ikikaukia kwenye bati la moto utajuta. Kisha unaanza na sehemu ndogo isiyoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, ujue hakuna kilia juu, au umeshaimaliza. Kilia ni ule utando usio na rangi unaolinda rangi yenyewe, na ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Kuondoa mkwaruzo maana yake ni kupunguza huo utando mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo. Hurudishi kitu. Unapunguza kilichobaki.

Kompaundi unaweka kidogo, kama punje ya maharage, kwenye sponji. Unafanya eneo dogo, upana wa viganja viwili au vitatu. Unasugua kwenda na kurudi, kisha unakatiza upande wa pili. Mwanzoni unakandamiza, mwishoni unalegeza mkono. Unafuta kwa taulo laini, unamulika tochi, unarudia. Taulo likianguka chini halirudi kwenye gari hata ulipulize namna gani. Boneti peke yake ilinichukua siku nzima, na huo upepo wa Katesh kila saa unakuletea vumbi jipya. Bega liliniuma mpaka mama akanipaka samli.

Mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo ambao ukipitisha kucha inakwama. Huo hautoki kwa mkono. Nikauacha.

Ijumaa usiku nikapaka waksi, tabaka jembamba, nikasubiri ififie, nikafuta. Nikamulika. Mwanga ulikaa peke yake kwenye boneti. Mama akaja na khanga begani, akasimama akijitazama mlemle. "Baba yako angekugombeza," akasema. "Angesema unamaliza rangi."

Mnunuzi alifika saa tatu asubuhi. Boneti hakuiangalia hata kidogo, aliifungua. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Akawasha injini, akazima. Halafu akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akanyanyua kapeti.

Huko chini sikuwa nimegusa. Kulikuwa na utando wa kijivu, umekauka na kupasuka kama ukingo wa Balangida wakati wa kiangazi.

"Hii nini?" akauliza.

Nilikuwa natafuta neno. Mama akanitangulia. "Ni tope, mwanangu. Lilifika hapa," akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya goti lake.

Yule mzee akabaki amepiga magoti, kapeti mkononi. Akauliza kama kuna tuliyempoteza. Mama akamwambia, majirani. Akalirudisha kapeti taratibu, akalibana pembeni kwa kidole, ndipo akaanza kuzungumzia bei.